Fundo na Pingili: Mintarafu ya Kuuita kwa Kiswahili Mkono wa Roboti wa Kuchunguzia Sayari

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia mambo mawili ambayo hayatengeki. La kwanza ni kueleza jinsi mikono ya roboti zipelekwazo katika sayari nyingine inavyobuniwa, na kwa nini ina umbo hilo iliyo nalo. La pili ni kuonyesha kwamba maneno ya mwili wa binadamu, ambayo ndiyo yanayotujia kwanza tunapotaka kuieleza mikono hiyo kwa Kiswahili, hutufaa mpaka mahali fulani, na kutoka hapo hutupoteza. Maneno yenyewe ni matatu hasa: mkono, kiungo na kiwiko. Kila mojawapo ni neno la kale, lenye kueleweka na watu wote. Na kila mojawapo lina maana mbili ambazo mhandisi hawezi kuziacha zikae pamoja katika chumba kimoja.

Jambo hili sikulitambua maktabani. Wakati wa likizo ya Agosti niliombwa na walimu wa Kulamawe, katika Kaunti ya Isiolo, ambako ndiko kwetu, nizungumze na wanafunzi wa sekondari juu ya Kiswahili katika sayansi. Mhadhiri wa lugha hukubali mialiko ya namna hii kwa wepesi usiostahili. Nilichagua mkono wa roboti kwa sababu nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili nilikaa bweni moja na mwanafunzi wa uhandisi ambaye meza yake haikukosa vipande vya mikono ya bati, nami nilijifunza kwake zaidi ya nilivyokusudia. Kulikuwa na sababu nyingine. Jina la Kulamawe husomeka na kila ajuaye Kiswahili bila haja ya kamusi, na kazi ya mikono hiyo, kwa ufupi, ni kula mawe: kuyakwangua, kuyatoboa na kuutia unga wake katika tumbo la chombo ili uchunguzwe. Wanafunzi walilipokea jambo hilo kwa kicheko, tukaanza vizuri.

Nilichora mkono ubaoni nikaandika majina: bega, kiwiko, kiganja. Kisha nikawaomba wote wanyooshe mkono wa kulia mbele na wakunje kiwiko nyuzi 30. Karibu nusu ya darasa walikunja pale katikati ya mkono, mahali ambapo wengine hupaita kisugudi au kisukusuku. Waliosalia walikunja pale kiganja kinapoungana na mkono. Msichana mmoja aliyeketi mbele alitazama huku na huku, akauliza, "Mwalimu, ni kipi?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa kuwa makundi yote mawili yalikuwa na haki. Kamusi zetu zenyewe hazikubaliani: katika baadhi yake kiwiko ni kisugudi, na katika nyingine ni kile ambacho wengine hukiita kilimbili au kifundo cha mkono. Kadhalika kuna kiwiko cha mguu.

Msomaji anaweza kusema kwamba hilo ni jambo dogo. Natumai kuonyesha hapa chini kwamba katika mkono wenye urefu wa mita mbili, jambo hilo dogo lina ukubwa wa zaidi ya theluthi moja ya mita.

2. Mkono ni wapi mpaka wapi?

Kiswahili hakitenganishi kwa neno moja moja sehemu iliyo kati ya bega na kilimbili na ile iliyo kuanzia kilimbili hadi ncha za vidole. Yote ni mkono. Tunayo maneno ya vipande, kama vile kigasha, kiganja na kitanga, lakini mtu akisema "ameumia mkono" hatujui ni wapi mpaka aonyeshe. Kiborana, ambayo ndiyo lugha ya mama ya wengi wa wanafunzi wale na yangu pia, hufanya vivyo hivyo: harka ni yote mawili. Kwa hiyo mtoto wa Kulamawe anapofika kwenye Kiswahili haoni upungufu wowote, nao hauonekani mpaka atakapokutana na mtambo ambao una mkono lakini hauna kiganja.

Nao mitambo hiyo ni mingi. Yafaa tuitazame ile ya mwanzo kabla ya kuingia katika istilahi, kwani yenyewe inatufundisha jinsi neno mkono lilivyo la sitiari tangu awali. Neno roboti pia lina asili ya kazi, si ya umbo. Lilitoka katika tamthilia ya Mcheki Karel Čapek iliyoandikwa mwaka 1920, na Čapek mwenyewe alisema kwamba nduguye Josef ndiye aliyempa neno hilo. Katika Kicheki robota ni kazi ya shokoa. Roboti si lazima ifanane na mtu. Yatosha ifanye kazi.

Mwezi wa Aprili 1967 chombo cha Marekani kiitwacho Surveyor 3 kilitua Mwezini kikiwa na upawa mdogo wa kuchimbia. Upawa huo haukushikwa na kitu chenye bega na kisugudi, bali na fito zilizopishana kwa mfano wa mkasi, zilizoweza kujikunjua na kujikunja. Chombo kilichimba vijifereji, na mwezi wa Novemba 1969 wanaanga wa Apollo 12 walikifikia kwa miguu, wakaukata upawa ule na kurudi nao duniani.

Mkono wa Viking ni wa ajabu zaidi. Viking 1 kilitua Mirihi tarehe 20 Julai 1976. Mkono wake ulikuwa wa mabati mawili membamba yaliyounganishwa kingoni. Yakizungushwa katika gurudumu yalilala bapa kama utepe wa fundi seremala, na yakisukumwa nje yalifumuka yakawa bomba gumu lenye kufika mita tatu hivi. Huo ni mkono usio na kisugudi kabisa. Ukitaka mfano wake katika viumbe, usitazame mkono wa mtu. Tazama ulimi wa kinyonga. Siku za mwanzo mkono huo ulikwama kwa sababu pini iliyokuwa imeufunga safarini haikuanguka kama ilivyotarajiwa. Wahandisi walijaribu pacha wake aliyebaki duniani, wakagundua kwamba ukinyooshwa mbele zaidi kuliko ulivyoamriwa kwanza, pini itaachia. Waliuamuru hivyo, na baadaye picha ikaionyesha pini imelala mchangani.

Nao Warusi, kwa chombo chao Venera 14 kilichotua Zuhura tarehe 5 Machi 1982, walitumia mkono sahili kupita yote: mkono wa springi wa kuanguka mara moja tu na kuupima ugumu wa ardhi. Inasimuliwa kwamba ulianguka juu ya kifuniko cha kamera kilichokuwa kimetupwa na chombo chenyewe dakika chache kabla, ukapima ugumu wa kifuniko badala ya ugumu wa Zuhura. Mkono usioweza kuchagua pa kugusa si mkono kamili, hata uwe imara namna gani.

Mifano hii yatosha kutuonyesha kwamba kilicho cha lazima katika mkono si bega wala kisugudi wala vidole. Cha lazima ni uwezo wa kuifikisha ncha mahali palipochaguliwa. Kwa hiyo napendekeza neno mkono libaki, kwani limekwisha kuzoeleka na halina mshindani, lakini lifahamike kuwa ni mtambo mzima kuanzia pale ulipofungwa kwenye chombo hadi ncha, bila kuhesabu zana zilizo nchani. Zana zina jina lake, nitalijia.

3. Kiungo

Katika elimu ya mikono ya roboti kuna tofauti moja iliyo msingi wa tofauti nyingine zote: tofauti kati ya mahali panapojikunja na kipande kigumu kilicho baina ya mahali pawili panapojikunja. Mahesabu yote huanzia hapo. Mhandisi huandika urefu wa kila kipande, kisha huandika pembe ya kila mahali pa kujikunja. Akiwa na orodha hizo mbili aweza kusema ncha iko wapi. Orodha ya kwanza haibadiliki tangu siku mkono ulipotoka karakanani. Orodha ya pili hubadilika kila mara mkono unaposogea. Mwenye kuzichanganya hana mkono, ana vyuma.

Sasa na tulitazame neno letu. Kiungo ni pale mfupa unapoungana na mfupa. Lakini viungo vya mwili ni mikono, miguu, macho, na hata moyo na maini. (Viungo vya pilau naviacha, ingawa darasani havikuachwa.) Yaani neno moja hutaja kipande na vilevile maungio ya vipande. Nimekutana na maandishi ya kufundishia ambamo sentensi moja hutumia viungo kwa maana ya vipande na inayofuata kwa maana ya maungio, na mwandishi hana habari. Simlaumu. Lugha ndiyo iliyomtega.

Je, tuchukue kifundo? Nilidhani hivyo kwa miezi kadhaa. Lakini kifundo cha mkono tayari ni kilimbili, na kifundo cha mguu tayari kina mahali pake; tukisema "kifundo cha kwanza cha mkono" msikilizaji atakimbilia kwenye kiganja ilhali sisi tunataja bega. Tutakuwa tumeondoa utata mmoja kwa kuleta mwingine.

Jibu lilinijia sokoni, si katika mwili. Kulamawe ni nchi kavu, haioti miwa; lakini miwa huletwa kutoka upande wa Meru, na watoto huinunua na kuitafuna njiani. Muwa una fundo, halafu una sehemu iliyonyooka, halafu fundo tena. Sehemu hiyo iliyonyooka, baina ya fundo na fundo, Kiswahili kina neno lake sahihi, nalo ni pingili. Mwanzi nao ni hivyo hivyo. Hapa lugha yetu imetofautisha waziwazi kitu ambacho mwilini imekichanganya: fundo si pingili, na pingili si fundo, na havipishani ila kwa zamu.

Kwa hiyo napendekeza fundo, mafundo, kwa mahali pa kujikunja, na pingili kwa kipande kigumu. Mkono wa roboti ni mfululizo wa mafundo na pingili. Nilipolirudia somo siku ya pili kwa maneno hayo, wanafunzi wengi hawakulijua neno pingili, lakini wote walikijua kitu chenyewe, na sikuhitaji kulieleza zaidi ya mara moja.

Mwenzangu mmoja katika idara alinipinga kwa hoja nzito. Alisema kwamba fundo la muwa ndipo mahali pagumu kupita pote; muwa hukatika penye pingili na haukunjiki penye fundo. Ni kweli. Sitiari yangu inashika mpango wa vitu, yaani zamu ya fundo na pingili, haishiki mwendo wake. Hata hivyo, sitiari ya mwili inashika mwendo na kuvuruga mpango, na katika kazi hii mpango ndio unaotangulia. Mwendo nao tunaweza kuupatia neno la pembeni. Fundo linalojizungusha juu ya mhimili mmoja, kama mlango, tuliite fundo la bawaba. Na lile linalosukuma kipande nje na kukirudisha ndani, kama lilivyokuwa la Viking, tuliite fundo la mtelezo. Bawaba iko katika kila mlango wa Isiolo na wa Lamu, na haimtatizi mtu.

4. Kwa nini mafundo matano?

Mikono ya magari ya utafiti yaliyopelekwa Mirihi na Marekani tangu mwaka 2003, yaani Spirit, Opportunity, Curiosity na Perseverance, yote ina mafundo matano ya bawaba. Mkono mkubwa uliotengenezwa na Kanada kwa ajili ya vyombo vya anga za juu, uliojaribiwa angani mara ya kwanza mwezi wa Novemba 1981, ulikuwa na mafundo sita na urefu wa zaidi ya mita 15. Ule uliofuata, uliopelekwa kwenye kituo cha kimataifa mwaka 2001, una saba. Idadi hizi hazikuokotwa tu.

Ili kusema kitu kiko wapi angani twahitaji tarakimu tatu: mbele au nyuma, kulia au kushoto, juu au chini. Ili kusema kimeelekea wapi twahitaji nyingine tatu. Shika kalamu mbele ya uso wako bila kuiondoa mahali pake: waweza kuigeuza ncha juu na chini, waweza kuigeuza upande na upande, na waweza kuizungusha vidoleni juu ya mhimili wake wenyewe. Jumla ni sita. Kwa hiyo mkono wenye mafundo sita yaliyopangwa vema waweza kukifikisha kitu popote ndani ya upeo wake na kukielekeza vyovyote. La saba humpa mhandisi njia ya pili ya kufika palepale, mfano wa mtu anayeweza kuinua au kushusha kisugudi chake bila kuondoa kiganja ukutani.

Basi kwa nini Mirihi wakaridhika na matano? Kwa sababu keekee ni ya mviringo. Ukishaiweka mahali pake na ukaielekeza kwenye jiwe, haijalishi imejizungusha kiasi gani juu ya mhimili wake, itatoboa vilevile. Ile tarakimu ya sita haina kazi, na fundo lisilo na kazi ni hasara tupu. Hapa ndipo ubunifu wa mikono hii unapodhihirika. Kila fundo lina mota yake, giya zake, hita yake ya kupasha joto, vihisi vyake na nyaya zake. Na yote hayo ni mzigo unaobebwa na mafundo yaliyotangulia. Mwanafunzi aliyesimama mbele ya darasa akiwa ameshika jerikeni ya maji, kwanza kifuani kisha kwa mkono ulionyooshwa, hakuhitaji kuelezwa habari hii kwa hesabu. Jerikeni ilikuwa ile ile. Bega ndilo lililobadili kauli.

Zana zilizo kwenye ncha ya mkono wa Curiosity, gari lililotua Mirihi mwezi wa Agosti 2012, zina uzani wa kilo 30 hivi, na za Perseverance, lililotua tarehe 18 Februari 2021, ni kilo 45. Mikono yenyewe ina urefu wa mita mbili na ushei. Nguvu ya uvutano ya Mirihi ni kama asilimia 38 tu ya ile ya dunia, jambo ambalo ni nafuu likiwa kule na tatizo likiwa hapa, kwani mkono unapojaribiwa karakanani hupinda kwa uzito wake kuliko utakavyopinda utakapofika, na wahandisi hawana budi kuhesabu tofauti hiyo. Tena kuna baridi. Usiku wa Mirihi huweza kupita nyuzi 80 za Sentigredi chini ya sifuri, na mafuta ya kulainisha giya huganda. Ndiyo maana mafundo hupashwa joto kabla ya kuamriwa kusogea.

Neno la kitaalamu la lugha za Ulaya kwa tarakimu hizo sita lingetafsiriwa neno kwa neno kuwa "digrii za uhuru", na tafsiri hiyo nimekwisha kuisikia. Siipendi. Digrii kwetu ni shahada ya chuo kikuu, ni kipimo cha homa, na ni pembe. Na uhuru una uzito wake katika historia yetu ambao mota ndogo haiwezi kuubeba. Nakumbuka kwamba neno uhuru limekwisha kwenda angani kwa heshima yake: setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Tuliache hapo. Kwa mkono ambao kila fundo lake huzunguka juu ya mhimili mmoja, yatosha kusema "mkono wa mafundo matano". Kwa habari ya kitu kilicho huru angani, tuseme kina "njia sita za kusogea". Si neno moja, lakini halimpotezi mtu.

5. Kiwiko na bega

Sasa nirudi kwa yule msichana na swali lake. Tuchukue mkono wa mita mbili ulionyooshwa, kisugudi kikiwa katikati, yaani mita moja kutoka nchani, na kilimbili kikiwa sentimita 30 kutoka nchani. Kisugudi kikikunjwa nyuzi 30, ncha huhama karibu sentimita 52. Kilimbili kikikunjwa nyuzi 30, ncha huhama sentimita 15 na nusu. Tofauti ni sentimita 36 na ushei. Jiwe likiwa mbele ya mkono, huo ni umbali wa kutosha kutenganisha kuligusa na kuligonga. Bega ni kali zaidi: kosa la uzi mmoja tu katika bega huihamisha ncha sentimita tatu na nusu.

Ni kweli kwamba roboti hizi haziamriwi kwa Kiswahili, wala kwa Kiingereza. Huamriwa kwa tarakimu. Lakini tarakimu huandikwa na watu waliokwisha kuzungumza, na mazungumzo yao hayana nafasi ya kurudiwa. Ujumbe wa redio kutoka duniani hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea umbali wa sayari hizo mbili siku hiyo, na jibu huchukua muda uo huo kurudi. Hakuna mtu anayeweza kusema "ngoja, si hapo". Amri za siku nzima hutayarishwa kwa pamoja, husomwa, hujaribiwa, hutumwa, kisha watu husubiri.

Kwa neno kiwiko, basi, nashauri tuliondoe katika istilahi hizi. Si kwamba ni neno baya. Ni kwamba limekwisha kugawanyika mikononi mwa wasemaji, na hakuna baraza litakaloliunganisha. Tuseme fundo la kisugudi na fundo la kilimbili. Maneno yote mawili yana utata mdogo kuliko kiwiko, na anayeyasikia mara ya kwanza atauliza, jambo ambalo ni bora kuliko kudhani.

Bega lina tatizo la namna nyingine. Bega la mtu ni fundo moja la ajabu lenye kuzunguka kila upande, mfano wa mpira katika bakuli. Bega la roboti ni mafundo mawili yaliyopangwa karibu karibu: moja huupeleka mkono kulia na kushoto, kama mlango, la pili huuinua na kuushusha, kama kifuniko cha sanduku. Mtu akisema "bega limekwama", hajasema kitu.

Hili nalo si la kubuni. Gari la Opportunity lilitua Mirihi mwezi wa Januari 2004, na mara iligunduliwa kwamba hita ya mojawapo ya mafundo ya bega haizimiki. Ili isimalize umeme, gari lililazwa usiku kwa kuzimwa karibu kila kitu, na kwa hiyo fundo lile likawa linapata joto na baridi kwa kupita kiasi siku baada ya siku. Mwezi wa Novemba 2005 likakwama. Likapatiwa nafuu kwa kuongezewa umeme, kisha mwezi wa Aprili 2008 likashindwa tena. Lililougua lilikuwa fundo la kulia na kushoto peke yake. La kuinua na kushusha lilikuwa zima, na kisugudi, kilimbili na fundo la ncha vilevile. Kwa kuwa walijua kwa hakika ni lipi, wahandisi waliukunjua mkono na kuuacha mbele, wasithubutu kuukunja tena chini ya gari usije ukakwama humo. Tangu hapo gari lilisafiri likiwa limeutanguliza, na walipotaka ncha iende kulia au kushoto waliweza kuligeuza gari zima. Magurudumu yakawa bega. Kazi iliendelea kwa njia hiyo miaka kumi, hadi tufani ya vumbi ya Juni 2018 ilipolinyamazisha.

Napendekeza bega la upande na bega la kimo. Yule msichana alipendekeza "bega la mlango" na "bega la sanduku", na lazima nikiri kwamba darasani yake yalishika upesi kuliko yangu.

6. Ncha

Hapa nitasema machache. Kiganja kinafaa mara chache. Chombo cha InSight, kilichotua Mirihi mwezi wa Novemba 2018, kilikuwa na kishikio cha vidole vitano vya chuma nchani mwa mkono wake, na tarehe 19 Desemba mwaka huo kilikinyanyua kipimatetemeko kutoka mgongoni mwake na kukiweka chini taratibu. Hapo mtu akisema kiganja, tumwelewe. Lakini Curiosity na Perseverance hazina vidole. Ncha zake ni fungu la zana, keekee pamoja na kamera na vipimo, lililofungwa kwenye fundo la tano, nalo huzunguka ili zana inayotakiwa ielekee jiwe. Kwa hilo nimetumia "kichwa cha zana", bila ya kuridhika nalo sana, kwani kichwa kilicho mwisho wa mkono ni kiumbe cha kutisha.

Niliwauliza wanafunzi. Baada ya kubishana kwa Kiborana, ubishi ambao niliufuata kwa furaha, walirudi na neno moja: kinywa. Walisema kwamba kama mkono unakula mawe, basi unayalia hapo. Neno hili linaufaa upawa wa Viking na wa Surveyor, na linafaa kwa keekee inayomeza unga wa jiwe. Halifai kwa kamera. Nimeliandika katika orodha iliyobaki kwa walimu wao, sambamba na kichwa cha zana, na orodha hiyo hiyo nimewapelekea wenzangu wa idara waitumie katika masomo ya istilahi ya muhula huu, waone ni lipi litakalodumu vinywani mwa wanafunzi.